Mgeni aliyekuja na jembe lake: kisa cha Kariakoo, 2025

Kuna mama ninayemfahamu, ana fremu, yaani chumba cha duka, mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo, Dar es Salaam. Anauza mikoba na pochi za kike kwa dazeni. Alianza zamani, wakati kontena likifika bandarini watu wa Mbeya na Lubumbashi wanapigiana simu kuulizana kama mzigo umeshashushwa. Kwa miaka mingi alikuwa na adui mmoja tu, watu wa kodi. Mwanzoni mwa 2024 aliniambia amepata wa pili. Hakumtaja jina. Alinyanyua tu kidevu kuelekea ng'ambo ya barabara, ambako kijana wa Kichina, fulana nyeusi na kandambili, alikuwa ameinamia boksi anahesabu pochi zilezile anazouza yeye. Winga, yule anayeleta wateja kwa kamisheni, akamletea mteja. Kijana hakuinua kichwa.

"Jumla au rejareja?"

Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni kabisa, hakina salamu wala kona. Jumla elfu saba, rejareja elfu kumi na mbili. Mama alikuwa anatoa jumla kwa elfu tisa, na hapo, anavyoapa, ameshajikamua.

"Mimi nimenunua kiwandani kwao," akasema, "nikalipa na nauli ya kwenda. Yeye ndiyo kiwanda."

Nimesikia maelezo mengi kuhusu chuki ya wageni Kariakoo, mengine ya wasomi na mengine ya vijiweni, lakini bado sijapata linaloipita sentensi hiyo. Tuianzie hapo.

Mfanyabiashara wa Kariakoo wa miaka ya 2000 hakuwa anauza pochi tu. Alikuwa anauza umbali. Kwanza ilikuwa Dubai, kisha Guangzhou. Alijua ashukie hoteli gani, mkalimani yupi hamlii mtu, kiwanda kipi cha pembezoni kinakubali oda ndogo, na namna ya kuchangia kontena na wenzake watano halafu kila mtu atambue mzigo wake kwa rangi ya utepe. Alijua wakala wa forodha wa kweli na kishoka. Ujuzi huo haukuandikwa popote, na ndio uliokuwa mtaji wake kuliko hata fedha. Tuseme pochi inatoka kiwandani kwa 4,000. Meli, ushuru na pango vikiongezwa inafika 7,500. Anaiuza 9,000, na hiyo 1,500 ndiyo iliyosomesha watoto. Mteja wa Songea hakuwa na namna ya kujua kwamba ilianza na 4,000.

Sasa mwenye kiwanda, au binamu yake, amekuja mwenyewe. Hana haja ya faida mbili, ya kiwandani na ya dukani. Anaweza kuuza kwa bei ambayo kwa mama ni hasara, na yeye bado akalala usingizi. Wakati huohuo simu imefanya kazi yake kimyakimya: binti wa Mwanza anaingia kwenye kundi la WhatsApp, anatuma picha, mzigo wake unakusanywa China na kumfikia bila yeye wala mzigo kukanyaga Narung'ombe. Huyo hana duka la kumnyooshea kidevu. Mchina anaonekana, ana fremu, ana kandambili, na yuko ng'ambo ya barabara.

Jambo la kwanza la kushika kuhusu kisa hiki ni hilo. Hasira ilikuwa ya kweli, na hasara iliyoizaa ilikuwa ya kweli. Lakini ilimwendea yule anayeonekana.

Kuna mwingine aliyeonekana kila siku na asiguswe. Ukitaka fremu Kariakoo hulipi kodi ya mwezi. Unalipa ya miezi sita au ya mwaka kwa mkupuo, na juu yake kilemba kwa yule anayekupisha. Alipokuja mpangaji anayeweza kuweka mezani kodi ya miaka miwili bila kukohoa, bei ya fremu mtaa mzima ikasogea naye. Wenye nyumba hao si Wachina. Ni sisi. Ni familia zilizorithi viwanja vya babu, zikabomoa nyumba za Kiswahili na kupandisha ghorofa, kisha zikagawa kila ghorofa vipande vipande hadi chumba cha ngazi kikawa duka. Novemba 16, 2024 jengo moja la ghorofa lililojaa maduka liliporomoka Kariakoo na kuua makumi ya watu. Watu walilia, wakazika, na kiu ya fremu ikabaki palepale. Lakini kwenye manung'uniko yote ya "wageni wametujaa" sijawahi kusikia mtu akisema twende kwa mwenye nyumba tumuulize.

Serikali iliingia kwa hatua, na hatua zenyewe zilianzia kwenye jambo jingine. Mei 2023 maduka ya Kariakoo yalifungwa siku tatu. Kilio kikubwa kilikuwa kamatakamata ya mamlaka ya kodi: mteja wa Zambia au Kongo anatoka na furushi lake, anasimamishwa kona ya barabara, anadaiwa risiti, mzigo unazuiwa. Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, akakutana na wafanyabiashara Mnazi Mmoja, watu wakapanda jukwaani na kusema mbele yake mambo ambayo kwa kawaida husemwa pembeni. Juni 24, 2024 wakafunga tena, na safari hii mgomo ukavuka hadi miji mingine. Suala la wageni kuuza rejareja lilikuwa ndani ya malalamiko, lakini si mbele. Mbele ilikuwa kodi.

Angalia kilichotokea baada ya hapo. Kodi ni jambo gumu kulitatua, kwa sababu serikali inaihitaji. Wageni ni jambo jepesi zaidi. Mapema Februari 2025 Waziri wa Viwanda na Biashara wa wakati huo, Selemani Jafo, aliunda kamati ya kuchunguza biashara za wageni Kariakoo, chini ya Profesa Edda Lwoga, mkuu wa Chuo cha Elimu ya Biashara. Julai 28, 2025 likatoka tangazo kwenye Gazeti la Serikali, likikataza wasio raia kufanya aina 15 za biashara. Uchaguzi mkuu ulikuwa umebakiza miezi mitatu. Sisemi amri ilitungwa kwa ajili ya kura. Ila tarehe zipo, na kila mtu ana kalenda.

Orodha yenyewe inafaa kusomwa taratibu. Imo biashara ya jumla na rejareja, isipokuwa supamaketi na jumla maalumu kwa wazalishaji wa ndani. Imo huduma ya kutuma na kupokea pesa kwa simu, ufundi wa simu na vifaa vya elektroniki, saluni zisizo ndani ya hoteli, usafi wa nyumba na ofisi, uchimbaji mdogo wa madini, usafirishaji wa vifurushi ndani ya nchi, kuongoza watalii, redio na televisheni, udalali, uwakala wa forodha, kununua mazao shambani, mashine za kamari nje ya kasino, viwanda vidogo. Mgeni atakayekiuka atatozwa faini isiyopungua shilingi milioni 10, au kifungo kisichozidi miezi sita, na viza na kibali cha ukaazi vinafutwa. Mtanzania atakayemsaidia atatozwa milioni 5 au afungwe miezi mitatu.

Kariakoo walishangilia. Ninawaelewa, maana si kila siku serikali inakusikia.

Lakini tangazo halikuandikwa "Mchina". Liliandikwa "asiye raia". Kinyozi wa Kirundi wa Kigoma, fundi simu wa Kinyarwanda, Mkenya anayeongoza watalii Arusha, wote waliingia kwenye wavu uliotegwa kwa ajili ya samaki mwingine. Kenya ilipaza sauti ndani ya siku chache. Waziri wake wa biashara, Lee Kinyanjui, alisema amri inapingana na Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, ambayo imekuwa ikitumika tangu Julai 2010 na inawapa raia wa nchi wanachama haki ya kwenda kuanzisha shughuli kwa jirani. Mitandaoni vijana wa nchi mbili wakarushiana maneno wiki nzima, wa Dar wakiwaambia wa Nairobi warudi kwao, wa Nairobi wakiuliza mahindi yanayovuka Namanga yanakwenda kwa nani. Wachina wa Narung'ombe, chanzo cha yote, hawakutajwa hata mara moja kwenye ugomvi huo.

Na Wakenya nao wasijifanye watakatifu. Mapema 2023 duka kubwa la China Square lilifunguliwa Thika Road, Nairobi, likauza vitu kwa bei zilizowakata maini wafanyabiashara wa Gikomba, Nyamakima na Kamukunji. Waziri wa biashara wa wakati huo, Moses Kuria, alitangaza kwamba Wachina wanakaribishwa kama wenye viwanda, si kama wachuuzi. Februari ile wafanyabiashara waliandamana katikati ya Nairobi. Ukiyaweka maneno ya mabango yale kando ya maneno ya Kariakoo, hutajua lipi ni la wapi.

Hata kwetu maneno hayo hayakuwa mapya. Januari 2011 Naibu Waziri wa Viwanda na Biashara, Lazaro Nyalandu, aliwapa wageni wanaochuuza Kariakoo siku 30 waondoke. Wameruhusiwa kuingia kama wawekezaji, alieleza, si kuuza bidhaa mitaani. Siku 30 zikapita. Waliopo wakabaki, wengine wakaja. Nyuma zaidi, miaka ya 2000, kulikuwa na mjadala wa uzawa, na Iddi Simba, aliyewahi kuwa waziri wa viwanda na biashara, akiwa sauti yake iliyosikika kuliko zote: nani ni mzawa, na je, Mtanzania mwenye asili ya Asia anahesabika? Na nyuma ya huo, mwanzoni mwa miaka ya 1990, Mchungaji Christopher Mtikila, mwanasiasa wa upinzani, aliligeuza neno "gabacholi", la kuwadharau Wahindi, kuwa la jukwaani, na Januari 1993 watu waliotoka kwenye mkutano wake wakashambulia magari na maduka ya Wahindi jijini. Wakati ule viwanda vya umma vilikuwa vinakufa, kazi zinapotea, soko huria linaingia bila kubisha hodi. Aliyeonekana akinufaika alikuwa Mhindi wa duka. Leo ni Mchina wa pochi.

Kinachoniumiza kichwa zaidi ni kwamba Mchina hakuanza kuwa mgeni wa namna hii. Wazee wetu wana Mchina mwingine kabisa kichwani. Yule alikuja kujenga reli ya TAZARA kati ya 1970 na 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia. Alilala kambini, akala wali, akavaa nguo moja na wafanyakazi wetu. Kiwanda cha nguo cha Urafiki, kilichojengwa kwa msaada wa China, kilipewa jina hilo si kwa bahati mbaya. Gongo la Mboto kuna makaburi ya wataalamu 69 wa Kichina waliofia kazini humu nchini, na hadi leo ujumbe ukija kutoka Beijing unapelekwa kuweka maua. Nikimtajia mama wa Narung'ombe makaburi yale anaguna. "Yule alikuja kutujengea. Huyu amekuja kuniuzia mkaa mimi muuza mkaa." Kuna kitu humo. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu alikuja na jembe lake, na shamba akalikodi kwa mwenye nyumba wetu.

Ila Kariakoo yenyewe imeumbwa na wageni. Jina limetokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza wa Vita Kuu ya Kwanza, waliopiga kambi pale. Soma majina ya mitaa: Kongo, Nyamwezi, Pemba, Likoma. Ni majina ya kwao kwa watu, yaliyobandikwa kwenye eneo ambalo wakoloni waliligawa makusudi, Uzunguni kule, Uhindini hapa, sisi huku. Neno "machinga" wengi hulihusisha na Wamachinga wa Lindi, vijana wa kusini waliofika Dar na bidhaa mabegani, na wenye maduka wakawachukia kwa sababu ileile: anauza kitu changu mlangoni kwangu kwa bei ya chini, na halipi pango. Wakaja Wakinga wa Makete, na porojo zikaanza kwamba wanaroga, haiwezekani mtu aje jana leo awe na ghorofa. Oktoba 2021 wamachinga waliondolewa barabarani kwa amri, meza zikavunjwa, na baadhi ya wenye fremu wanaolalamikia wageni leo walishangilia siku ile. Mama yangu wa pochi alishangilia. Nilikuwepo.

Na kuna mgeni wa pili ambaye Kariakoo haiwezi kuishi bila yeye. Ni mnunuzi wa Lubumbashi, Lusaka, Lilongwe, Moroni. Mgomo wa 2023 ulipofunga milango ya maduka, kilio kimoja kilikuwa kwamba wateja hao wanasumbuliwa na wanahamia masoko mengine. Kwa hiyo mtaa uleule, mwaka uleule, unaomba mgeni mmoja alindwe na mwingine aondolewe. Huo si unafiki. Mgeni anayenunua anakaa upande wa pili wa kaunta. Mgeni anayeuza amekaa kwenye kiti changu. Chuki hii haina shida na sura wala lugha, inagombea kiti. Hatari ni kwamba ikishapata maneno ya kusemea, maneno hayachagui. Mwanzo ni "wafanyabiashara wa kigeni", halafu "Wachina", halafu mtoto wa shule anayepita na mama yake wa Kichina pale Msimbazi anazomewa "ching chong", na watu wazima wanacheka. Hilo nimeliona kwa macho. Mtoto alikuwa ameshika koni ya aiskrimu, akaangalia nyuma kutafuta anayezomewa ni nani.

Ningependa tukumbuke na upande wa pili wa kioo. Aprili 2020, hofu ya korona ilipopanda, Waafrika wa Guangzhou walitolewa kwenye vyumba walivyolipia. Wenye nyumba waliwafungia nje, hoteli ziliwakataa, watu walilala kando ya barabara na mabegi. Mgahawa mmoja wa McDonald's ulibandika tangazo kwamba watu weusi hawaruhusiwi kuingia, kampuni ikaomba radhi baadaye. Wabongo walikuwemo mjini humo. Ni mji wetu wa pili kibiashara. Simu zilizokuja Kariakoo wiki ile zilikuwa za kilio. Watu wakasema, kwa haki kabisa, mtu amelipa kodi yake, ana kibali, anafukuzwaje kwa kuwa ni mgeni?

Turudi kwenye tangazo, maana kisa hakiishii kwenye shangwe. Leseni zilizokwishatolewa ziliachwa ziendelee hadi muda wake uishe, kwa hiyo hakuna aliyefunga virago siku ya pili. Agosti 1, siku nne baada ya tangazo, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua kituo kikubwa cha biashara na usafirishaji Ubungo, palipokuwa na stendi ya mabasi ya mikoani, chenye maduka zaidi ya 2,000, kilichojengwa na mwekezaji kutoka China. Unapanda mwendokasi Gerezani, jirani na Kariakoo, unashuka Ubungo. Serikali ilikieleza kama lango la biashara ya Afrika Mashariki na chanzo cha ajira. Kariakoo swali lilikuwa fupi: bei ya humo itakuwa ya nani? Mimi siamini kuna njama. Naamini kuna nchi inayotaka vitu viwili kwa wakati mmoja, fedha ya Mchina mkubwa na utulivu wa mpiga kura aliyekasirishwa na Mchina mdogo, na aliyeandikiwa amri ni huyo mdogo.

Kifungu ninachokiona kizito kuliko vyote ni kile cha Mtanzania anayesaidia, kwa sababu kinakiri jambo ambalo halisemwi hadharani. Duka la mgeni Kariakoo halisimami bila mwenyeji. Kuna aliyekodisha fremu, aliyeazima jina kwenye leseni, wakala aliyetoa kontena, winga anayelipwa kamisheni kwa kila kichwa, binti anayekaa mlangoni na kikokotoo. Kwa pochi moja ya elfu saba kuna Watanzania wanne au watano waliokula. Ukiwatoza wote milioni tano tano, utafunga mtaa.

Nilipita Narung'ombe tena Septemba. Fremu ya ng'ambo ilikuwa wazi. Yule kijana alikuwa nyuma kabisa, kwenye kiti cha plastiki, anaangalia simu, na mlangoni amekaa dada wa Kitanzania aliyesuka rasta ndefu. Ukutani leseni mpya, kwenye fremu ya kioo, haijapata vumbi. Pochi zilezile, bei ileile.

Kwa mama, bei ilikuwa imeshuka. Jumla elfu saba na mia tano. Miaka yote niliyomjua hajawahi kugusa bei hiyo, na safari ya China mwaka huo hakwenda. Nikamuuliza mzigo kautoa wapi safari hii. Akacheka, akachukua mfuko wa karatasi, akatia pochi moja na kunipa, ya binti yako hiyo. Kisha akamgeukia mteja aliyekuwa amesimama nyuma yangu.

"Jumla au rejareja?"